Kabati la Visivyo na Kipuri

Shangazi yangu aliahirisha kustaafu mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa stoo. Kampuni yetu inakarabati lifti. Vipuri vimejaa mpaka darini, na aliyejua kila kimoja kilipo alikuwa yeye peke yake, tena macho yake yalishachoka. Daktari alimwambia apumzike. Akajibu kwamba atapumzika siku mafundi watakapomaliza kutwa nzima bila kumwita.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuingiza stoo kwenye kompyuta, na nilijiona mjuzi kwelikweli. Nikapanga makundi yangu safi: umeme, vyuma, mipira, vya mwendo. Jumatatu Shangazi akakaa kwenye benchi nje ya mlango, mikono mapajani, akingoja. Kabla ya saa nne alikuwa ameshaitwa mara tisa.

"Mwanangu," fundi mkuu aliniambia, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole chenye grisi, "mimi nina mlango unaogoma kufunga. Sasa mlango unaogoma uko kundi gani hapa?"

Nikayapekua makundi yangu yote manne, mlango haumo. Huko nje Shangazi alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe unauliza kitu chenyewe ni nini," alisema. "Fundi anakuja na ugonjwa. Hebu kaa hapa uandike."

Nikakaa wiki nzima, nikawa karani wake. Kumbe rafu zake zilikuwa na mpangilio wake: vinavyogoma, vinavyopiga kelele, vinavyotetemeka, vinavyozima bila kuaga. Mwisho kabisa palikuwa na kabati la kufuli. Humo aliweka visivyo na kipuri, vitu vya lifti za zamani ambazo viwanda vyake vilishafungwa. Kikivunjika kimoja, ndiyo basi tena. Hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa kabla ya kunawa mikono, hata mkurugenzi.

Nikaingiza yote kwa maneno yake. Jumatatu iliyofuata akarudi kwenye benchi. Fundi mkuu akaandika "mlango unagoma", akaelekezwa kwenye gurudumu rafu ya tatu, akaondoka akipiga mluzi. Wenzake vivyo hivyo. Saa kumi ya kufunga ikafika.

"Hata mmoja?" Shangazi aliuliza.

"Hata mmoja."

Nilidhani atafurahi. Alikunja miwani, akaikunjua, akaikunja tena, na roho ikaniuma, maana mtu ninayempenda kuliko wote pale nilikuwa nimemtoa kazini kwa mikono yangu.

"Haya," alisema. "Na mimi, humo kwenye mashine yako, umeniweka wapi?"

Nikamsogezea kiti. Akaandika "Shangazi" kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Kioo kikajibu: "Shangazi. Kundi: visivyo na kipuri."

Alisoma mara mbili, uso karibu ugusane na kioo. Nikafungua mikono nimkumbatie, akanizuia kwa kiganja.

"Kanawe kwanza," alisema, huku machozi yanamtoka.

Nilikwenda mbio.