Ugonjwa Unaokimbia Foleni

Zamu yake ya kumwona daktari ilipofika, mkono ulikuwa umeshaamka. Bi Mkasi, kama walivyomwita karakanani kwa kukata sare za shule tangu usichana wake, aliukunja na kuukunjua, akakasirika. Jamani, asubuhi ulikuwa unaning'inia kama kitambaa kilicholowa, na mdomo umepinda! Sasa mzima kabisa. Ugonjwa gani huu unaomwogopa daktari?

"Mweleze ulivyokuwa," wifi yake alimnong'oneza. "Mimi ndiye shahidi."

Daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, alimgonga goti, akamwambia ainue mikono. Yote ikainuka sawasawa.

"Mama, sioni kitu. Labda ni uchovu."

"Uchovu gani unapinda mdomo?" wifi alidakia. "Msimamizi wake kasema amelewa. Asipopeleka cheti cha ugonjwa, kazi hana!"

Daktari akamgeukia tena mgonjwa. "Kabla mkono haujafa, unaona nini?"

"Vimulimuli. Halafu kichwa upande mmoja, utadhani kinapasuliwa."

"Kwenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

"Hakuna."

Alijibu haraka, kisha akamkumbuka mama yake, moyo ukamlainika. Mama kwenye kigoda cha jikoni, mdomo umekwenda upande, maneno yanamtoka mazito, nao watoto wamemzunguka wanacheka mpaka wanajishika mbavu. "Mama, fanya tena!" Walidhani anawachezea. Naye, maskini, alicheka nao kwa ule upande uliobaki. Siku tamu zile, nyumba nzima kicheko! Baba alisema mkewe ana vituko. Hakuna aliyemuuliza kama anaumwa.

"Mama yangu," alisema, machozi yakamlengalenga. "Sisi tulidhani mchezo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kuna kipandauso cha namna hiyo. Kinapoozesha upande mmoja, watu wanadhani kiharusi, na hurithiwa. Ni nadra sana. Lakini siwezi kuandika nisichokiona, mama. Njoo kikiwa kimekushika."

"Si nilikuja kimenishika! Mapokezi wakaninusa mdomo, wakaniambia nikae nyuma ya wote."

Daktari alikohoa, akatazama mlango. "Ndio utaratibu."

Bi Mkasi alitoka, lakini hakuelekea langoni. Alikwenda kukaa benchi la mbele kabisa, uso kwa uso na dirisha la mapokezi, akavua viatu.

"Wifi, twende basi."

"Nenda wewe ukawapikie watoto. Mimi nakingoja hapa hapa. Safari hii kikija, kinikute mbele ya macho yao."