Mtu Aliyerudi Kinyumenyume

Katika kitabu cha kwanza nilichosomewa na mama, mvua ilikuwa inapanda. Ilitoka mtoni, ikapita darajani, ikaingia mawinguni. Mto uliofura ulimtema mwanamume mmoja, ukamsimamisha juu ya daraja, naye akashika njia ya nyumbani kinyumenyume, kisogo kikitangulia, hadi mlangoni alikosimama binti yake amenyoosha mkono. Kisha watu wote wa nyumba ile wakakaa jikoni wakicheka, na kitabu kikaisha.

Nilipouliza kwa nini mtu yule anatembea hivyo, mama hakusita.

"Ni adabu ya kwao," alisema. "Mtu akirudi kwake haipi kisogo njia iliyomleta salama."

Mimi na mdogo wangu Kambi tukaiga adabu hiyo. Kwa muda mrefu tuliingia nyumbani kwetu Matsangoni kinyumenyume, tukijikwaa kwenye kizingiti, na majirani wakamuuliza mama kama watoto wake wamechezewa na mtu.

Mama yangu, Nyale, hakwenda shule hata siku moja. Alikuwa akifua nguo katika nyumba ya mama mmoja Mwitaliano huko Watamu, tuliyemwita Sinyora kwa sababu hatukujua jina lake lingine. Sinyora alipofunga nyumba arudi kwao moja kwa moja, alimpa mama mashuka mawili, sufuria yenye mfuniko, na kitabu cha katuni kilichoandikwa Kiitaliano. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba hadithi ile ilitungwa Ujapani, na kwamba ni mfululizo mrefu, juzuu baada ya juzuu. Halafu alifungua mikono yake yote miwili, akaonyesha baharini, akaonyesha bara. Mama alielewa. Kitabu hiki kinasomwa na dunia nzima.

Kilifika kwetu mwezi mmoja baada ya baba kufa. Baba alikuwa akikata mawe ya kujengea katika machimbo, ukuta wa machimbo ukamwangukia asubuhi. Nilikuwa na miaka minane. Siku zote za hanga, matanga ya kwetu, mama hakulia, na wanawake wa ukoo waliokuja kuomboleza wakanong'ona, maana mjane asiyelia huwa na maneno mengi nyuma yake. Mimi nilimwona amekaa mkekani, macho makavu, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari.

Kisha akaanza kutusomea. Kila alasiri, akitoka kazini, alinawa mikono, akakifungua kitabu, akapitisha kidole chini ya maneno asiyoyajua. Alikuwa amemtazama Sinyora miaka mingi, akajua kwamba kitabu huanzia kushoto na kwenda kulia. Hilo lilikuwa somo alilojifunza bila mwalimu na alijivunia. Maneno aliyatunga, alikiri hivyo mwenyewe, lakini picha hazidanganyi. Ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya hadithi, ulikuwa na mkono mwekundu umeinuliwa, kiganja wazi. "Huyo aliyechora anatusalimu," mama alisema, na sisi tuliweka viganja vyetu juu ya kile kiganja, mmoja mmoja, kabla ya kuendelea.

Alipofika pale mto unapomtema yule baba, sauti yake ilishuka. "Dunia nzima," alituambia, "inajua kwamba mtu huyu alirudi."

Sikumsikia akisema lolote la baba yetu. Lakini nilielewa, kama mtoto anavyoelewa, kwamba panapo mto mmoja uliowahi kurudisha mtu, basi lolote linawezekana. Nililala vizuri miaka ile.

Baadaye tulikua. Kitabu kikafungwa ndani ya leso na kuwekwa chini ya nguo za mama. Nilisoma lugha katika chuo kikuu hapa Kilifi, Kiitaliano nikakiongezea Malindi, ambako hukosi mtu wa kukuuzia kitu kwa lugha hiyo au kukufundisha, na sikuwahi kukiomba kile kitabu nikisome kwa macho yangu mapya. Niliogopa. Kuna vitu ambavyo mtu hapendi kuvitazama akiwa amevaa miwani.

Mwaka huu, nikiwa na shahada na bila kazi, kampuni moja ya vitabu ya Nairobi ikatangaza kwamba imepata ruhusa ya kuutoa mfululizo ule kwa Kiswahili. Hawakupata mtu wa Kijapani. Walikubali wa Kiitaliano. Rafiki yangu Ekta, tuliyesoma naye chuoni, ndiye aliyeliona tangazo. Jaribio lilikuwa kutafsiri sura ya mwisho ya juzuu la kwanza, lile lile la kwetu, ifikapo Ijumaa, na atakayeshinda angepewa juzuu zote.

Nilipomwambia mama, aliomba kitu kimoja tu. Nikimaliza, nimsomee yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Neno kwa neno. Alitaka kusikia, kabla hajazeeka, maneno yenyewe aliyoyasema yule baba aliporudi.

Jumatatu nilikwenda Malindi kuchapisha kurasa za jaribio katika duka la vitabu na kalamu la mzee Kishor, baba yake Ekta. Nilikuwa nimechukua na kile kitabu chetu pia, kwa ruhusa, nilinganishe. Nilikiweka kaunta, nikakifungua, na nilipopitisha kiganja juu ya ule mkono mwekundu Ekta aliniangalia kwa udadisi.

"Mbona unaanzia mwisho?" aliuliza.

Nikamwambia kwamba ule ndio mwanzo. Alikichukua kitabu, akakigeuza, akaniwekea mbele yangu kikiwa kimelalia upande wa pili.

"Eve, hivi ni vya Kijapani. Hata Waitaliano walipotafsiri waliuacha mpangilio wa kwao. Vinafunguliwa upande wa msahafu. Watoto wa madrasa hapo mtaani huvisoma bila kuambiwa na mtu. Hebu soma chini ya huo mkono wako pameandikwa nini."

Nilisoma. Nilikuwa na Kiitaliano cha kutosha sasa. Palisema: Simama. Unakwenda upande usio wako. Huu ni mwisho wa kitabu, kigeuze uanze kule.

Nilipomweleza kwamba mkono ule tumekuwa tukiusalimu, Ekta alicheka mpaka akashika kaunta. "Miaka kumi na sita," alisema, "mnampa mkono askari wa trafiki." Kisha akaniona uso, akanivutia kiti.

Nilisoma pale pale, kutoka kulia kwenda kushoto, na mbele ya macho yangu mvua ikaanza kushuka. Watu walicheka jikoni kwanza. Baba akainuka. Binti alinyoosha mkono mlangoni, na haukuwa wa kumpokea, ulikuwa wa kumzuia. Yule mtu akaondoka kama watu wote wanavyoondoka, uso mbele, akawa mdogo katika kila kisanduku cha picha. Daraja. Mto. Sikutaka kufungua ukurasa uliofuata, ingawa nilikuwa nimeuona mara elfu.

Jumanne niliitafsiri sura yote kwa siku moja. Haikuwa ngumu. Iliyokuwa ngumu ni kurudi nyumbani na kukuta mama amekoga, amejifunga leso mpya, amekaa mkekani akiningoja. Nilimwambia bado. Jumatano nikamwambia bado. Nilikaa uani na karatasi zangu nikawaza jambo ambalo mpaka leo linanitia haya: kwamba ningeweza kumsomea kuanzia ukurasa wa mwisho. Ningeipandisha mvua tena, ningemtoa yule mtu majini kwa Kiswahili safi, na Nairobi ningepeleka ile ya kweli. Mama asingejua. Nilijiambia kwamba huo si uongo, ni huruma. Lakini nilikuwa nimesomea kazi ya kuwafikishia watu maneno ya wenzao bila kuyaiba, na mtu wa kwanza kuniomba kazi hiyo alikuwa mama yangu.

Alhamisi alasiri alinitangulia kusema.

"Kesho ni Ijumaa. Au ndiyo kusema kitabu cha picha kimeishinda shahada?"

"Mama, tulikishika vibaya," nikamwambia.

Nilimwonyesha yote. Nilimsomea maneno yaliyo chini ya mkono mwekundu. Aliutazama ule mkono muda mrefu, ukiwa umefifia katikati kwa viganja vyetu.

"Kwa hiyo hautusalimu."

"Unatukataza, mama."

"Na sisi tukausalimu." Alivuta pumzi. "Haya. Soma."

Nikasoma. Mama hakutazama karatasi zangu, alikishika kitabu chake na kufuata picha kutoka upande mpya, taratibu, kama mtu anayepita katika nyumba yake mwenyewe akiwa ameingilia mlango wa nyuma. Nilipofika mtoni nilitaka kuruka kisanduku kimoja.

"Usiruke," alisema.

Nilimsomea. Yule mtu hakusema neno majini, aliita tu majina ya watoto wake watatu, moja kwa kila kisanduku, na kisanduku cha nne kilikuwa cheupe. Mama alikaa na ule weupe. Jogoo wa jirani alipita uani, akatuchungulia, akaenda zake.

"Na hao watu wa dunia nzima," mama aliuliza mwishowe. "Wote wamekisoma hivi?"

"Wote."

"Wakalia?"

"Nadhani walilia, mama. Ndicho kitabu kilichowaliza wengi."

"Maskini," alisema, na alikuwa anawahurumia kweli. "Dunia nzima inalia, na sisi watatu huku Matsangoni tunacheka."

Ulibaki ukurasa mmoja. Watoto wamebaki wenyewe, jioni, yule binti mkubwa anapakua wali. Nilisoma nilivyoandika: Dada aliweka mabakuli matatu, wakala bila kusema.

Kidole cha mama kilikuwa juu ya picha. "Hapa ni manne," alisema.

Nilimweleza kwamba ni kweli, na kwamba hata maneno ya Kiitaliano yanasema manne, lakini nimerekebisha. Watoto ni watatu, baba amekufa. Ama mchoraji alisahau, ama aliyetafsiri kwa Kiitaliano alimfuata tu bila kufikiri. Hayo ndiyo makosa ambayo mtafsiri makini huyasahihisha.

Mama alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka minane.

"Mchoraji hajasahau," alisema. "Mkono ndio haujapata habari."

Sikuelewa. Akaniambia. Siku hanga ilipokwisha, watu walipokunja mikeka na kwenda zao, alisonga ugali mara ya kwanza akiwa peke yake na sisi. Kichwa chake kilijua tumebaki watatu. Kichwa kilikuwa kimejua tangu asubuhi ile ya machimbo. Lakini mkono ulichota unga wa watu wanne, ukasonga ugali wa watu wanne, ukapakua sahani nne, na yeye hakugundua mpaka alipokaa chini na sisi tukaanza kula.

"Niliitazama ile sahani mpaka mkalala. Nikawapa kuku. Kesho yake nikapakua nne tena."

Alikuwa ametunga maneno mengi ya ukurasa ule miaka yote. Zamani, ukiwa mwanzo wa hadithi, alitwambia kwamba bakuli la nne ni la kumngojea baba, kwa sababu watoto wale walijua. Sasa hakutunga kitu. Aliweka kidole juu ya lile bakuli, na nikaona tone limeanguka juu ya kucha yake, kisha jingine, na mama yangu akalia. Alilia kwa sauti, akimwita baba kwa jina lake, Mwaringa, Mwaringa, jina ambalo sikulisikia kinywani mwake tangu utoto. Nilimkumbatia. Nilikuwa nimeogopa siku tatu kwamba nitamvunja, na badala yake nilikuwa nimemshika mtu ambaye hatimaye alikuwa ameitwa ndani.

Alipotulia alijifuta kwa pindo la leso akasema nimsomee tena ukurasa ule, safari hii vizuri. Niliufuta mstari wangu, nikaandika upya, nikasoma. Alitikisa kichwa kukubali. Akaniuliza kama katika juzuu la pili yule binti anapata mtu wa kumsaidia. Nikamwambia sijui, nikipewa kazi tutajua pamoja. Akasema afadhali kutojua, kwani mara hii tutaanzia panapoanziwa na watu wote.

Ijumaa kabla ya saa sita nilituma. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya mtafsiri kueleza neno lolote lililomtatiza, na ni rejea gani aliyoitumia kulitatua. Wengine, nadhani, waliandika majina ya kamusi. Mimi niliandika: Ukurasa wa mwisho, mabakuli ni manne, si kosa la uchapaji. Rejea ni Bi. Nyale wa Matsangoni.