Sauti ya Mama Ndani ya Bajaji

Joséline alikuwa ameinamia cherehani, anamalizia mkono wa gauni la mteja, mama yake alipopita barabarani akiimba.

Mama yake, Vénérande, alikuwa kaburini kijijini kwao Katumba tangu mvua za Machi. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, vumbi la Mpanda limekaa juu ya kila kitu, hadi juu ya vitambaa vipya. Joséline akanyanyua kichwa. Ilikuwa bajaji, imebeba abiria na magunia, na nyuma ya kiti imefungiwa spika kubwa kuliko haja. Sauti ilitoka humo. Walikuwa wameiwekea ngoma nzito na kinanda cha kompyuta. "Ladisi, Ladisi," ilisema, ikakatwa, ikarudiwa, ikakatwa tena. Halafu kile kicheko cha kooni, kicheko cha mama yake hasa, kikarushwarushwa juu ya ngoma kama mpira. Mwishoni kabisa mama akapaza sauti: "Yose, maharage yanaungua!"

"Yanaunguaaa!" dereva akaitikia, na wauza nyanya wa soko la Buzogwe wakaangua kicheko.

"Jamani hiki kibao!" alisema Mary, fundi mwenzake, akijifuta machozi. "Wiki hii nzima mji umechanganyikiwa. Kile kibibi sijui wamekitoa wapi. We Yose, mbona umeshika sindano hivyo? Utajichoma."

Alikuwa ameshajichoma. Aliitazama damu ikiingia kwenye gauni la watu, akainuka bila kuaga.

Rekodi ile ilikuwa moja tu duniani, na aliyeirekodi ni yeye. Siku hiyo mama alikuwa anachagua mchele uani, maharage yako motoni, hajui kama simu imewashwa. Aliimba wimbo wa Kirundi alioutunga mwenyewe, wimbo wa utani juu ya mumewe, Ladislas, siku alipokuja kumposa. Aliuimba miaka yote, ila kwa mabinti zake tu, baba akiwa shambani. Baba akitokea mlangoni akiuliza, "Mnacheka nini nyie?" wote kimya, mama anainamia ungo. Ladislas alikuwa hajawahi kuusikia hata mstari mmoja. Hakujua pia kwamba ipo rekodi. Joséline alikuwa anamwekea.

Wimbo huo alikuwa amempa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Amosi.

Amosi alikuwa Mkonongo wa palepale Mpanda, mwenye kibanda karibu na stesheni ya reli. Aliuza chaja na kava za simu, na alijaza watu nyimbo kwenye memori kadi. Jumapili baada ya kanisa kibanda kiligeuka kijiwe cha wasikilizaji. Masharti yao yalikuwa machache na makali: kila mmoja aje na wimbo ambao wenzake hawajausikia, ukipigwa, hakuna kufungua mdomo mpaka uishe, ukiisha, aliyeuleta aseme ameupata wapi. Hapo Joséline alisikia magitaa ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zeze za Wasukuma, kwaya za vijiji ambavyo hata barabara havina. Yeye alipeleka nyimbo za Kirundi, akizitafsiri mstari kwa mstari, na Amosi alimsikiliza kwa namna ambayo hakuna mwanaume aliyewahi kumsikiliza. Wakaanza kurushiana nyimbo asubuhi na jioni. Mapenzi yao yalikuwa hayo. Kuna wiki walizungumza kwa nyimbo tupu, na walielewana.

Ndiyo maana mama alipofariki, Joséline alimrushia rekodi ile na maneno machache: "Msikilize mama yangu." Hakumwambia asiipeleke kwa watu. Nani huambiwa asipige muziki msibani?

Amosi alimwona akivuka reli, akatoka kibandani, meno yote nje.

"Umeusikia! Niambie umeusikia!"

"Nani kaupeleka?"

"Mimi! Jumapili ile ulipokuwa Katumba. Yose, walinyamaza wote. Hata Gelasius wa studio, na unamjua anavyoongea. Ulipoisha wakasema turudie. Lini kijiwe kile kimerudia wimbo? Gelasius akasema auwekee biti, nikaona sawa, hapo ndipo utafika mbali. Nikaanza kuwajazia wateja bure kabisa. Nilitaka ukija ukute mji mzima unamjua mama yako."

"Mji mzima unamcheka mama yangu."

"Wanafurahi tu, Yose. Wanampenda."

"Tuko msibani, Amosi."

Amosi akamtazama kama mtu aliyeambiwa leo ni Krismasi. "Msiba gani tena? Si tulianua tanga mwezi wa tatu? Nilikuwepo mimi. Viti nilirudisha kanisani kwa mabega haya."

"Hilo lilikuwa tanga la wageni. Sisi bado hatujaganduka."

Ilibidi amweleze, amesimama juani. Kwao Warundi, watu wakishaondoka msiba unabaki ndani ya nyumba. Haziimbwi nyimbo, hafungi mtu ndoa, mpaka siku ya kuganduka, ndugu wakusanyike, pombe inywewe, na mwenye nyumba asimame aseme kwamba kuanzia leo nyumba hii inaweza kucheka. Siku hiyo, baba akishasema hivyo, sauti ya kwanza kuingia ndani ingekuwa ya mkewe, ikimwimbia wimbo ambao alifichwa maisha yake yote.

"Ulikuja nyumbani," alisema. "Uliona redio iko juu ya kabati, imefungwa kitambaa."

"Nilidhani ni mbovu," Amosi alijibu.

Alifuta wimbo kwenye kompyuta mbele yake. Akampigia Gelasius, akaweka sauti ya nje.

"Oya, futa ule wimbo. Futa kila mahali."

"Nifute wapi, kaka?" Gelasius alicheka. "Uko Usevya, uko Mwese, kuna jamaa kaupiga harusini majuzi wakavunja benchi. Nipite nyumba kwa nyumba nikusanye simu za watu?"

"Katumba je?" Joséline aliuliza.

"Nani huyo, Yose? Shemeji, hongera! Katumba ndiyo usiseme, wale wanakijua na Kirundi chenyewe."

Joséline akasimamisha bodaboda. Amosi alishika usukani wa pikipiki ya watu, akisema anakuja naye, anakuja kuongea na mzee mwenyewe. "Usinifuate," alimwambia. Njia nzima alimhimiza dereva aongeze mwendo, na moyoni akawa anahesabu sababu za baba kuwa hajausikia: haendi senta siku za kazi, simu yake ni ya tochi, majirani wanajua nyumba ile ina msiba, wana heshima, wangezima wakipita.

Ladislas alikuwa kivulini ubavuni mwa nyumba, mbele ya tumbaku aliyokuwa apange kwa madaraja. Rundo la majani lilikuwa kushoto kwake na mikono ilikuwa magotini. Haikuwa inafanya kazi.

"Karibu, mama," alimwambia binti yake, kama alivyomwita siku zote. Kisha kabla hajaketi: "Nimemsikia mama yako."

Joséline akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Yule kijana Arcade alikuja na pikipiki kuchukua magunia. Ilikuwa inapiga muziki. Nikamwambia azime, hapa bado tuna msiba. Akaomba radhi, akazima." Mzee alilitazama jani moja la tumbaku pande zote mbili. "Kisha nikamwambia awashe tena. Mimi mwenyewe, Yose. Nimevunja msiba wa mke wangu kwa mdomo wangu."

"Baba..."

"Anataja jina langu, halafu anacheka. Katikati wameweka ngoma, siambulii neno. Nikamuuliza Arcade, anasema nini? Akasema mzee, hiki ni kibao tu cha kuchekesha." Aliliweka lile jani kwenye fungu lisilo lake. "Nilimfanya nini mama yako, hata anicheke hivyo mbele za watu?"

"Hakukucheka." Joséline alikuwa ameshatoa simu. "Ninao wote hapa, hauna ngoma. Nilikuwekea siku ya kuganduka. Ulikuwa uwe wa kwanza, baba. Sikiliza sasa hivi, utaona."

Mzee alinyoosha mkono, na kwa kitambo Joséline alidhani anaipokea. Kumbe alikuwa anaifunika skrini kwa kiganja.

"Nimekosea mara moja leo. Usinikoseshe tena."

"Basi siku ile yenyewe, tukishaganduka."

"Siku ile watakuja watu wameshaujua," alisema Ladislas. "Akifika kwenye kicheko, wataitikia."

Jioni Amosi alikuja hivyo hivyo, ingawa alikatazwa. Alizima pikipiki mbali, akaikokota mpaka uani ili injini isipige kelele. Alipiga goti, akatoa shikamoo, na maneno aliyoyapanga njiani yote yakamtoroka, alibaki kusema tu, "Sikujua, baba. Sikujua." Ladislas akamsogezea kigoda. "Ungejuaje?" alisema. "Kwenu tanga likianuliwa limeanuliwa. Nawa mikono, kuna ugali na samaki, mgebuka." Wakala. Mzee akamuuliza habari za mama yake, bei ya mahindi mjini, kama treni inafika kwa wakati siku hizi. Joséline alikuwa anawatazama, na msamaha ule ulimuuma kuliko kosa lenyewe, kwa jinsi ulivyotolewa kwa urahisi, kama chumvi ya jirani.

Alimsindikiza mpaka barabarani, maana mgeni husindikizwa.

"Mzee amenisamehe," Amosi alisema.

"Nimesikia."

"Na wewe?"

Joséline alikuwa anakwangua rangi ya kucha kwa kidole gumba. Pikipiki ilikuwa katikati yao.

"Ndugu zangu nilishawaambia," Amosi aliendelea. "Kwamba waje kwenu kujitambulisha. Waje lini?"

"Wasije."

"Yose, nilifanya vile kwa sababu nakupenda. Kitu kizuri ulichonipa nilitaka kila mtu akione."

"Najua. Ungekuwa umeniibia ningejua pa kuanzia kukuchukia. Ila ulifanya kile kile kilichonifanya nikupende, na sasa sikitaki. Ukinirushia wimbo kesho, nitajiuliza huyu anayeimba ni mama wa nani, na kwao kuna nini."

"Basi sitarusha. Tutakaa tu. Bila nyimbo."

"Bila nyimbo tutaongea nini, Amosi?"

Alisubiri jibu kweli. Alitamani awe nalo. Amosi akaishika pikipiki na kuikokota tena, hata barabarani, hata pale ambapo angeweza kuiwasha. Joséline alisimama mpaka vumbi la miguu yake likatulia.

Aliporudi, baba alikuwa hajainuka. Tumbaku ilikuwa vilevile.

"Yose. Niambie maneno yake."

"Umesema hutaki kusikia, baba."

"Sitaki uimbe. Niambie tu, kama unavyonipa habari za mjini. Alikuwa anasema nini juu yangu?"

Akaketi mbele yake. Haikuwa rahisi, yale maneno yalizoea kutembea na sauti, na kila mstari ulijaribu kumtoka kooni kwa wimbo, akaurudisha.

"Anasema, Ladisi alikuja kuniposa amevaa viatu vya kaka yake. Anasema vilikuwa vinambana. Akachechemea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, akasema njia ya kwenu ina mawe. Baba yangu akasema, kijana huyu ana ugonjwa wa mguu. Mama yangu akasema, kijana huyu ana heshima, anatembea polepole. Halafu anasema, vua viatu, Ladisi. Vua, upumzike. Mimi nimeshakubali tangu ulipokuwa kule barabarani."

Mzee aliitazama miguu yake.

"Havikuwa vya kaka," alisema mwishowe. "Vilikuwa vyangu. Nilinunua Mpanda, kwa pesa ya tumbaku ya kwanza. Niliona aibu kuvijaribu dukani na miguu yangu ya vumbi, nikavichagua kwa macho."

"Mama alifikiri..."

"Sikujua kama aliona vinanibana." Uso wake ulianza kucheka, ukakumbuka kwamba hauna ruhusa, ukavunjika hapo katikati. "Miaka yote hii. Sikujua kama aliona."

Joséline alitaka kumshika mkono, ila baba alikuwa ameinua kiganja, anaomba kitu kingine.

"Rudia hapo mwisho. Polepole."

"Vua viatu, Ladisi," alisema Joséline, kavu, kama mtu anayesoma tangazo. "Mimi nimeshakubali."

"Tena."

Akarudia. Akarudia tena, bila kuimba, kwa sauti yake ya kawaida isiyofanana hata kidogo na ya mama yake, na mzee alikuwa amefumba macho, ameinamisha sikio mbele, anamtafuta mkewe humo.