Mwaka Yaliposikika Maneno

Tamasha la muziki la mji ule lilipendwa sana, ingawa ukimkamata mtu anayetoka huko ukamuuliza ameimbiwa nini, hakuweza kukwambia. Uwanja wenyewe ulikuwa mteremko unaoishia jukwaani. Mvua ikinyesha kidogo tu, maji yote yalikwenda kukaa mbele ya wanamuziki kama wageni waalikwa, na watazamaji wakabaki juu kule, kando ya barabara, penye ukavu. Spika zilipangwa chini, zikapigia kelele magoti ya watu wa mbele ambao hawakuwepo. Mkabala na jukwaa palikuwa na ghala la mabati, na kila neno lililotoka kwa mwimbaji lilikwenda kugonga ukuta wa ghala, likarudi kuligonga neno linalofuata. Vyoo vilikuwa upande unakotoka upepo. Wazee walishaacha kwenda.

Mwaka huo kamati ikasema basi. Mwenyekiti wake, mwalimu mkuu mstaafu ambaye sauti yake haikuwahi kuhitaji spika, aliwaita mafundi wawili. Uwanja alimpa mkandarasi aliyejulikana kwa jina la Kokoto, kwa sababu aliamini hakuna tatizo duniani lisiloweza kumwagiwa kokoto likatulia. Sauti alimpa mwanamke mmoja mwenye karakana ya redio na spika karibu na stendi. Wengi walimwita Fundi tu. Wachache walikumbuka kwamba ni binti wa Chiriku.

Chiriku hakuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote mjini. Ndiye aliyefunga tamasha kila mwaka, na alilifunga kwa wimbo mmoja, “Mgeni wa Heshima”. Ulikuwa umerekodiwa zamani kwenye chumba kidogo ambamo ngoma ilimeza kila kitu, na kilichopona ni kiitikio peke yake:

*Mgeni wa heshima, mama wa mke wangu,*
*Karibu mgeni wetu, karibu mama yangu.*

Watu waliupiga harusini. Maharusi waliingia ukumbini nao, na wakwe wa pande zote mbili walifuta machozi. Lakini aliyeupenda kuliko wote alikuwa mama mkwe wa Chiriku mwenyewe. Bibi yule hakuwahi kufika tamashani, kwa sababu ya matope na magoti, ila aliwaambia wanawake wenzake wote wa kikundi cha ushonaji kwamba mkwe wake alimtungia wimbo, na kwamba mkwe wa namna ile hazaliwi mara mbili. Kila mwaka alimshonea shati jipya la kupandia jukwaani. Wanawe wa kuwazaa hawakupata hata leso.

Sasa, Chiriku alikuwa anajua jambo ambalo mji mzima haukulijua. Alijua maneno ya beti.

Aliyatunga kwa hasira, zamani hizo, mama mkwe alipokuja kumtembelea binti yake aliyejifungua akakaa mpaka mtoto akaota meno. Aliyaimba mara ya kwanza akingoja kufukuzwa nyumbani. Hakuna aliyesikia. Akaimba tena mwaka uliofuata, hakuna aliyesikia. Baada ya hapo akazoea, kama mtu anavyozoea kupita karibu na mbwa aliyefungwa.

Habari za matengenezo zilipomfikia alifurahi kwanza, akijua kazi imeangukia kwa mwanawe. Kisha akaenda uwanjani kutazama. Kokoto alikuwa amechimba mitaro miwili ya kutolea maji, amesawazisha mbele ya jukwaa, amemwaga kokoto na kupanda nyasi pembeni. Vyoo alivihamisha. Kutoka getini hadi mbele alitengeneza njia pana isiyo na ngazi hata moja, na mwisho wa njia ile akaweka mabenchi yenye viegemeo. Chiriku akauliza ni ya nani. Akajibiwa kwamba ni ya wazee, na kwamba mama mkwe wake alishatuma mtu kuwekewa nafasi yeye na kikundi chote cha ushonaji.

Chiriku alikaa kwenye mojawapo ya mabenchi yale. Baada ya muda akamwomba Kokoto ayasogeze nyuma kabisa, kwenye kivuli, kwa ajili ya afya za wazee. Kokoto alimwambia asiwe na wasiwasi. Binti yake alikuwa ametundika spika juu ya nguzo zikiinamia watu, ameongeza nyingine mbili katikati ya uwanja, na ukuta wa ghala ameufunika mablanketi mazito ili usirudishe sauti. Jenereta nalo limepelekwa nyuma ya tuta la udongo. Walijaribu jana yake: mtu akinong'ona jukwaani, wa mwisho kabisa anasikia.

“Uwanja huu sasa hauna pabaya pa kukaa, mzee,” Kokoto alisema kwa fahari. “Popote utakapomweka atasikia.”

Kutoka hapo Chiriku alikwenda moja kwa moja karakana kwa binti yake. Alimkuta amepiga magoti katikati ya nyaya, akichomelea waya, moshi mwembamba ukipanda mbele ya miwani yake. Alizunguka zunguka, akashika hiki, akakirudisha, akasifu kile. Mwishowe akauliza kama ile meza ya sauti, yenye vitufe vingi namna ile, haina kimoja cha kuficha maneno.

Fundi alisema hakuna.

“Mbona mwaka jana kilikuwepo?”

“Mwaka jana hakikuwepo kitufe, Baba. Ulikuwepo uzembe.”

Ndipo akalazimika kumweleza. Hakuweza kuyasema yale maneno mbele ya mwanawe, kwa hiyo aliyaimba, polepole, macho yamekazia feni iliyokufa:

*Kaja na kikapu, karudi na kabati,*
*Nyama akiionja, sufuria hulia tupu,*
*Akilala akikoroma, bati lataka msumari.*

Fundi aliweka chuma chake chini. Alikuwa ameusikia wimbo ule tangu utotoni, na siku ya harusi yake mwenyewe ndio uliomwingiza ukumbini. Alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani, halafu akakumbuka kwamba anayekoroma humo ni bibi yake, aliyemlea, akanyamaza.

Alimshauri baba yake aache kuuimba. Chiriku alikuwa ameshamwendea mwenyekiti na wazo hilo, na mwenyekiti alimtazama kama mtoto aliyedai kwamba mbuzi amekula daftari. Basi atunge beti mpya, Fundi akasema. Chiriku akatunga, beti nzuri kabisa, zenye asali na maziwa na mikono laini. Lakini kwenye mazoezi mdomo ulimkataa. Mstari wa kwanza ulitoka mpya, wa pili ukasitasita, na kufika wa tatu ulimi wake ulishashika njia yake ya zamani, kama punda anayejua nyumbani kwao. Bendi ilicheka. Yeye alitoka jasho.

Akarudi kwa binti yake. Safari hii hakuzunguka. Alimwomba kwamba akifika kwenye beti, apunguze kidogo tu maikrofoni na kupandisha gitaa, kisha kiitikio akirudishe. Fundi alimweleza kuwa hii ndiyo kazi yake ya kwanza kubwa, na kwamba kamati imemwita kwa sababu maneno hayakuwa yakisikika.

“Kazi utapata nyingine,” baba yake alimwambia. “Mimi mama mkwe sina mwingine.”

Fundi hakujibu ndiyo wala hapana. Chiriku aliondoka akiamini amejibiwa ndiyo, kwa kuwa ndivyo alivyohitaji.

Siku ya tamasha jua lilikuwa kali na uwanja mkavu. Watu waliteremka hadi mbele, wengine wakipiga kokoto kwa viatu kuhakikisha ni kweli. Bibi alikuja kabla ya wengi, amevaa vizuri, akaipita njia ya Kokoto taratibu na wenzake nyuma yake, akakaa benchi la mbele katikati. Binti yake, mke wa Chiriku, akakaa ubavuni mwake. Waimbaji walipanda na kushuka, na kila aliyepanda watu walitazamana kwa mshangao, maana kumbe yule kijana wa nyimbo za mapenzi alikuwa akiimba kuhusu pikipiki. Mwenyekiti alipita mara kadhaa karibu na meza ya sauti akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ikafika zamu ya Chiriku. Alipanda na shati jipya la mama mkwe, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Kiitikio kilipoanza uwanja mzima ulikiimba, na Bibi aliinuka kidogo akapunga mkono pande zote kama aliyetajwa bungeni. Ubeti ukaja. “Kaja na tabasamu,” Chiriku aliimba, na hapo alikuwa bado salama. Kisha Fundi akaona koo la baba yake linavyopanda na kushuka, akajua. Mkono wake ukaenda wenyewe. Aliishusha maikrofoni, akapandisha gitaa.

Chiriku akabaki anafungua mdomo bila sauti. Mbele watu wakaanza kunung'unika. Nyuma mtu alipiga mluzi. Mwenyekiti akageuka taratibu na kuanza kuelekea kwenye meza. Lakini aliyewahi kuliko wote alikuwa Bibi. Alisimama, akageuka kumtafuta mjukuu wake kwenye kibanda cha turubai chenye meza ya sauti, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza maji:

“Mjukuu wangu, mkwe wangu hasikiki. Mpandishie.”

Fundi alimtazama baba yake jukwaani. Baba yake akamtikisia kichwa kumkataza. Alimtazama bibi yake, aliyesimama pale kwenye jua akingoja kuyasikia maneno ya wimbo wake kwa mara ya kwanza maishani. Huyo ndiye aliyemnunulia bisibisi yake ya kwanza, na kumwonjesha fahari ya kufanya kitu vizuri. Hakuweza kumnyima. Akapandisha.

Bendi ilikuwa imeurudia ubeti, na sauti ya Chiriku ilitua juu ya uwanja safi kama sahani iliyooshwa: “Kaja na kikapu, karudi na kabati. Nyama akiionja, sufuria hulia tupu.” Hakuweza kuacha, kwa maana ngoma ilikuwa inamsukuma na mdomo umeshashika njia. “Akilala akikoroma, bati lataka msumari.” Hata waliokuwa langoni wakihesabu pesa za tiketi walisikia.

Ngoma zikafa, gitaa likafuata. Uwanja mzima ulikuwa unatazama benchi la mbele, na kicheko kimewabana watu shingoni. Bibi alikaa. Akafikiri. Kisha akasimama tena, akamkabidhi mwenzake mkoba, akapanda jukwaani akishikilia kamba ya pembeni mwa ngazi. Chiriku alimpa maikrofoni kwa mikono miwili, ameinama, kama anayemkabidhi panga.

“Nimesikia,” Bibi alisema, akashtuka kidogo kwa ukubwa wa sauti yake, akaipenda. “Kabati ni kweli nilipewa, na bado ninalo. Nyama pia ni kweli. Ilipikwa vibaya, nikawa naionja kutafuta kosa lilipo. Lakini kukoroma sikubali, mkwe wangu. Ulitupisha chumba ukalala sebuleni. Tulikuwa wawili mle ndani, na mimi nilikesha na mtoto. Aliyekuwa anakoroma ni mkeo.”

Chiriku alisema, karibu na maikrofoni kuliko alivyokusudia, kwamba hajawahi kumsikia mke wake akikoroma.

“Utamsikiaje?” Bibi akamuuliza. “Wewe kitandani kwako hata nyumba ikibebwa hujui. Kile kiti cha sebuleni ndicho kilichokunyima usingizi.”

Hapo uwanja ulipasuka. Watu walicheka wakishikana mabega, Kokoto alikaa chini juu ya kokoto zake, na mwenyekiti mwenyewe aligeukia ghala ili asionekane. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa benchi la mbele, nafasi ya Bibi ikiwa wazi ubavuni mwake, akimtazama mumewe na mama yake kwa zamu.

Bibi alidai kiitikio kimalizwe. Kikamalizwa, yeye akiongoza, akiikosa sauti ya gitaa na kuyatangulia mapigo, na kelele za kushangilia zilikuwa kubwa kuliko za mwaka wowote.

Fundi alikunja nyaya zake jioni ile akijiandaa kufukuzwa kazi kwa kile kipande cha ukimya. Mwenyekiti alikuja akasema kwamba aliona, na kwamba yeye pia ana baba. Akampa tamasha la mwaka unaofuata.

Nyumbani mambo yalikwenda vingine. Mke wa Chiriku alisema hakoromi, anapumua. Alisema hivyo mezani, jikoni, na dirishani kwa majirani. Fundi alipopendekeza kwa heshima kwamba chombo kidogo cha kurekodi kingemaliza ubishi, mama yake alimjibu kuwa maikrofoni yoyote itakayovuka kizingiti chake itaingia kwenye ndoo ya maji.

Chiriku, ambaye miaka yote alikula na mama mkwe wake macho yamefungwa kwenye sahani, sasa alijikuta anamtazama usoni. Aliomba radhi, vizuri, kwa maneno ya kawaida yasiyo na vina. Bibi alimwambia hata yeye angechoka na mgeni wa namna ile, ila alipaswa kusema kwa mdomo. Walikaa barazani wakirekebisha mstari wa tatu. Bibi alishikilia kwamba haki itendeke na mkoromaji halisi atajwe. Chiriku alijaribu kuingiza “mke wangu” mahali pake, akagundua kwamba mizani inakaa sawa kabisa, akaimba mara moja, chini chini, kuhakikisha.

Kutoka ndani mkewe akauliza wanaimba nini huko.

“Tunafanya mazoezi, mwanangu,” Bibi alijibu, akamwashiria mkwe wake arudie taratibu zaidi.