Nusu Dakika ya Cherehani

Mumewe alikuwa na msemo wake: siku mke wangu akinyamaza, msiniulize mimi, mwiteni daktari. Jina la kuzaliwa la mama huyu watu walishalisahau. Wote walimwita Cherehani, kwanza kwa sababu kabla ya televisheni alikuwa fundi nguo kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mabasi, na pili kwa sababu ya mdomo wake. Ukiukanyaga tu, unashona. Aliwahi kufukuzwa na wenye nyumba, akaibiwa mashine, akaanza upya na sindano ya mkono, na katika misukosuko yote hiyo hakuna aliyemkuta ametulia kimya. "Nikinyamaza nitalia," alikuwa akisema, "na machozi yanatia sindano kutu."

Kipindi chake kiliitwa *Kiraka*. Kila Jumamosi asubuhi aliingia nyumbani kwa mtu na kufufua kilichokwisha kufa: pazia lililopauka, kochi lililotoboka, koti lililoliwa na nondo. Sasa *Kiraka* kilikuwa kimeteuliwa kushindania tuzo ya vipindi vya mtindo wa maisha kwenye tamasha la filamu. Watu wa filamu wana pua zao juu kidogo. Vipindi vya mambo ya nyumbani walikuwa wamevifungulia mlango wa uani, na shindano lenyewe wakalipanga mchana, saa ambayo watu wameshiba na macho mazito. Lakini mlango wa uani nao ni mlango.

Na Cherehani aliuhitaji mlango huo kuliko hewa. Bosi wa kituo alishamsimamisha kwenye korido akamweleza bila kuzunguka.

"Dada, mimi nakupenda. Lakini watazamaji wako wanapungua kama sabuni ya kuogea. Ukirudi na tuzo, unabaki. Ukirudi mikono mitupu, saa yako naipa kipindi cha magari."

"Hata magari yana viti vinavyotoboka, Bosi. Nitashona humo humo."

"Tuzo," alisema Bosi, akaingia kwenye lifti.

Basi mchana ule Cherehani alikuwa amekaa ukumbini, safu ya katikati, kidole chake kikipapasa mshono uliofumuka wa kiti bila mwenyewe kujua. Kulia kwake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye mhariri wa kipindi, mkataji na muungaji wa picha. Kushoto alikaa fundi sauti, mtu mzima waliyemwita Masikio. Masikio alisema kidogo na kusikia yote. Kila waliporekodi nyumbani kwa mtu, alikuwa na ombi lilelile: "Nipeni ukimya wa chumba." Hapo kila mtu husimama palepale alipo kwa nusu dakika, hakuna kukohoa wala kusogeza mguu, huku Masikio akirekodi mvumo wa chumba chenyewe, friji, feni, barabara ya mbali, ili mhariri apate cha kuzibia mapengo ya sauti. Kamera nayo huachwa ikirekodi. Kwa wengine hiyo ilikuwa mapumziko. Kwa Cherehani ilikuwa kifungo na kazi ngumu.

"Wifi, umetuma ile nakala sahihi?" alinong'ona.

"Utaniuliza mpaka lini? Nimetuma. Wewe angalia mdomo wako, rangi imefika kwenye jino."

"Jino langu, rangi yangu."

"Aibu ya ukoo mzima," alisema Wifi, na taa zikazimwa.

Kipindi kilimhusu mzee mmoja mjane na binti yake. Mzee alitaka gauni la marehemu mkewe, la rangi ya machungwa, lililochanika kwapani, ligeuzwe foronya za mito. Binti alitaka litupwe. "Baba, hilo ni tambara," alirudia kila kamera ilipomgeukia. Kwenye skrini Cherehani alikuwa katika ubora wake, anamtania mzee, anambembeleza binti, mkasi mkononi, mdomo haushikiki. Ukumbi ulicheka mahali pa kucheka. Alianza hata kuegemea kiti.

Kisha pakafika mahali ambapo alitakiwa kueleza namna ya kuchagua uzi. Sauti yake haikuja. Hakuna aliyesema neno. Feni tu, ikizunguka.

Cherehani alielewa kabla ya mwingine yeyote. Wakati wa kuhariri alikuwa na mafua yaliyomkausha sauti, na Wifi, ili kazi isilale, alikuwa ameuweka pale ule ukimya wa Masikio, pamoja na picha yake, kushika nafasi, kama fundi anavyopiga bandi kwenye nguo kabla ya kuishona. Baadaye sauti ilirudi, maneno yakarekodiwa, yakapachikwa. Kumbe nakala iliyotumwa ni ile ya bandi. Nguo ilikuwa imekwenda harusini na nyuzi zake zinaning'inia.

"Wifi," alisema taratibu, "hizo ni bandi."

Wifi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu wee. Nizikeni."

Pembeni ya picha alionekana Cherehani mwenyewe, amesimama kama mlingoti, mashavu yamevimba, macho yamemtoka, maneno yamemjaa kama maziwa jikoni yanayotafuta upenyo wa kufurika. Ukumbi uliangua kicheko. Mtu mmoja nyuma alipiga makofi. Cherehani aliteremka kwenye kiti mpaka kidevu kikagusa mkoba. Alikwisha kuyaona magari yakipita juu ya Jumamosi yake, moja baada ya jingine.

Kicheko kikapungua. Halafu kikakatika.

Katikati ya picha, mzee alikuwa amewasahau wote. Labda alidhani kazi imesimama. Alikuwa ameunyanyua mkono mmoja wa gauni, ule mkono wa kitambaa, akaulaza juu ya kiganja chake na kuufunikia vidole, kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake wakiwa wamekaa kibarazani bila haraka. Basi. Hakulia wala hakutikisika. Binti yake alimtazama. Alikuwa ameambiwa asisogee, na ilionekana wazi kwamba amekumbuka, maana alisogea polepole sana asije akaharibu kazi ya watu. Akaushika mkono wa pili wa gauni.

Feni ilizunguka. Mbali huko gari lilipiga honi mara moja. Ukumbini hakuna hata aliyemeza mate.

Cherehani hakuwahi kuliona jambo lile. Alisimama pale pale, karibu kiasi cha kuweza kumgusa mzee bega, na hakuliona.

"Lakini mimi nilikuwepo," alinong'ona.

"Ulikuwepo," alijibu Masikio. "Ila ulikuwa unasubiri zamu yako ya kusema."

Tuzo ilikwenda kwa kipindi cha bustani za juu ya mapaa. Cherehani aliwapigia makofi wenzake, mikono ikiwa baridi kama samaki. "Haya, wifi yangu," alisema, "nitafutie kitabu cha injini." Ndipo mwenyekiti wa majaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, akaomba watu wakae kidogo. Kulikuwa pia na kutajwa kwa heshima, bila tuzo, alisema, kwa kipindi cha *Kiraka*, kwa kuthubutu kunyamaza.

"Kuthubutu!" Wifi alipasuka, machozi ya aibu yakigeuka ya kicheko. "Eti kuthubutu! Wifi, simama ukapokee uthubutu wako!"

Walichopewa ni karatasi ngumu yenye utepe.

Siku ya kazi iliyofuata walisimama nayo ofisini kwa Bosi. Chumba cha vioo, kiyoyozi kinanguruma, mmea wa plastiki una vumbi. Bosi aliigeuza karatasi mbele na nyuma kama mtu anayetafuta bei.

"Nilisema tuzo. Hii ni karatasi."

Cherehani alikuwa amejiandaa. Alikuwa na hotuba, methali za kutosha harusi mbili, na vitisho vichache vya akiba. Alifungua mdomo. Kwa jicho la pembeni akamwona Masikio mlangoni, amenyanyua kidole kimoja, vilevile kama anavyofanya kabla ya kurekodi ukimya wake. Kimya kingi kina mshindo, alipenda kusema Masikio, na Cherehani siku zote alimjibu kwamba mshindo wake yeye hauhitaji kusubiri.

Akaufunga mdomo.

Kiyoyozi kilinguruma. Bosi aliinyoosha karatasi kwenye meza.

"Nzuri, sikatai. Lakini ni karatasi."

Mashavu ya Cherehani yakaanza kuvimba.

"Wameniambia ukumbi mzima ulitulia. Sawa. Nimekisikia hicho kimya." Alisogeza kalamu. Akairudisha. "Nyumbani kuna koti la marehemu mama. Linaning'inia nyuma ya mlango. Mke wangu kila mara ananiuliza linakaa pale la nini." Akakatisha, kama mtu aliyesikia sauti ya mgeni ndani ya nyumba yake. Akakohoa. "Miezi mitatu. Nawapa miezi mitatu."

Wifi alikuwa ameuma kitambaa cha mkononi. Cherehani alimtazama Bosi tu, jasho likimchuruzika.

"Usinitazame hivyo. Haya, mwaka! Mwaka mzima, magari yataenda Jumapili. Na hiyo nusu dakika iwepo kila kipindi. Sasa sema kitu, dada, unaniogopesha!"

Masikio akashusha kidole.

"Ahsante, Bosi!" Cherehani alifurika. "Mungu akuzidishie, wewe na hao watu wa magari, maana na wao wana watoto! Na hilo koti, usimruhusu mtu alitupe, nitalipitia mwenyewe, mshono kwa mshono. Bitana yake ikoje?"

Bosi alitazama dirishani. Jibu lilichelewa kuja, na Cherehani, mashavu yamemvimba, alilisubiri.