Upande wa Kulia wa Crown Nyeusi

Mashine ilianza kulia uani nikiwa na kikombe cha uji mdomoni, na kabla sijameza nilishajua kwamba huo si mkono wa Issa. Ujinga gani huo. Mume wangu Issa tulikuwa tumeshamzika, na mimi nilikuwa kizuka, nimekalishwa eda katika chumba cha nyuma cha mama mkwe wangu, hapo Kilwa Masoko. Nimejitanda shuka nyeupe, dirisha limeshushwa pazia, sitakiwi kuonwa na mwanamume yeyote anayeweza kunioa, wala kupaza sauti akaisikia. Mkono wa Issa ungetoka wapi? Lakini masikio yangu yalikuwa bado hayajapewa taarifa.

"Nani huyo?" nikamwuliza wifi yangu Umi, aliyekuwa akishinda nami.

"Kaka Maftaha. Anamalizia lile gari la Kilangala."

Niliweka kikombe chini. Maftaha ni mdogo wake Issa, kijana mtaratibu ambaye kazi yake pale uani ilikuwa kuosha magari kabla kaka yake hajayashika. Mashine ya polishi alikuwa akiikunjia waya tu.

Gari lenyewe lilikuwa Crown nyeusi ya Bwana Xaveri, mkulima wa korosho wa huko Kilangala. Nyeusi ni rangi ya kumtia fundi adabu, kwa sababu haifichi kitu. Ililetwa imechunwa na vichaka vya njia ya shambani, na huko ilikokuwa ikioshwa walikuwa wameisugua kwa matambara yenye mchanga, hata ukiitazama juani bodi zima lilikuwa na mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Issa aliufanyia kazi upande wa kulia wote, mlango baada ya mlango. Jioni akaniita nikaone. Nikainama kwenye mlango wa nyuma, nikajiona mpaka nywele za nyusi.

"Hapa pamebaki ngozi tu, Fauzia," akaniambia. "Mikwaruzo ilikuwa imeingia ndani. Pasiguswe tena, hata aje fundi kutoka Dar."

Asubuhi yake alipanda bodaboda kwenda Nangurukuru kufuata dawa ya kusugulia, ili ashike upande wa kushoto. Kulikuwa na lori. Sitaki kulisimulia hilo.

Watu wengi hudhani polishi inafunika mkwaruzo. Haifuniki kitu. Juu ya rangi ya gari kuna utando unaong'aa, mwembamba kuliko karatasi, na mashine kazi yake ni kuupunguza huo utando mpaka mkwaruzo ukose pa kukaa. Kila ukipita umepunguza. Na pale bati linapokunjika, kwenye ule mstari unaotembea ubavuni mwa gari, utando huwa mwembamba zaidi, basi Issa alikuwa akipabandika tepu ya karatasi kwanza, kisha anapamalizia kwa mkono na kitambaa laini.

Haya yote niliyajua bila kufundishwa. Jiko langu lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa ua, na katika ndoa yetu yote nilipika huku nasikiliza ile mashine. Ikilia nzito na pana, sponji ya mashine imelala vizuri. Ikianza kukwaruza, dawa imekauka. Sauti ikipanda na kuwa nyembamba, fundi ameegemea ukingo. Nilikuwa napiga kelele kutoka jikoni, mwiko mkononi, "Issa, sponji imekauka!" na wateja wanacheka, na yeye ananyunyiza maji. Walikuwa wakimtania kwamba fundi mwenyewe yuko jikoni. Mimi si mtu wa kunyamaza, hata mahari yangu niliijadili mwenyewe nikiwa nyuma ya mlango, mpaka mjomba akaona haya.

Sasa nilikuwa nimekaa juu ya godoro nikisikiliza, na nilitaka kitu kimoja tu: upande ule utoke uani kama alivyouacha. Nguo zake zilishagawiwa. Viatu alivichukua binamu. Kilichobaki cha mikono ya mume wangu hapa duniani kilikuwa milango miwili ya gari la mtu, na sikuwa nikiomba wanipe, nilikuwa nikiomba isiguswe.

"Nenda kamwambie," nikamwambia Umi, "upande wa kulia umekwisha, asiuguse kabisa. Na huko kushoto aweke tepu kwenye mikunjo."

Umi akaenda. Nikamsikia akiita, mashine ikazimwa, maneno mawili matatu, mashine ikawashwa tena. Akarudi akijifuta mikono kwenye kanga.

"Anasema usihangaike, shemeji. Kazi ataimaliza."

"Tepu ameweka?"

"Wifi, mimi tepu naijua wapi?"

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, alikuwa pembeni na tasbihi yake. Akaichukua akanitia mkononi. "Waachie wanaume hayo, mwanangu. Wewe msomee mwenzio." Aliyasema kwa upole, na yeye ndiye aliyekuwa amezaa aliyekufa. Nikaanza kuvuta punje, nikikosea na kurudia.

Nimtendee haki Maftaha. Upande wa kushoto hakuuharibu. Mwanzo alikuwa akiikaba mashine kama mtu anayeshika kuku, baadaye akalegea, na sauti ikatulia. Nikasema moyoni, kumbe alikuwa anatazama wakati anakunja waya. Nikapumua. Nikadhani akifika nyuma ya gari atazima, atafuta vumbi, na Bwana Xaveri ataitiwa gari lake.

Hapo ndipo walipoingia wanawake wa Songo Mnara, ndugu wa upande wa mama, waliovuka bahari asubuhi kuja kutoa pole. Chumba kikajaa. Wakanishika mikono mmoja mmoja, wakaniuliza kama nakula. Umi akaenda kuteka maji ya chai. Na katikati ya pole hizo nikasikia mashine ikizunguka nyuma ya gari na kuja upande wangu.

Gari lilikuwa limeegeshwa ubavu wa kulia ukielekea dirisha langu. Alipofika mlango wa nyuma, pazia lilikuwa linatetemeka. Kati yangu na mashine kulikuwa na ukuta na hatua chache za ua. Nilingoja kusikia tepu ikichanwa, ule mlio mkavu ambao huwezi kuukosea. Sikuusikia. Nikaomba umeme ukatike. Kilwa yetu, ambako umeme hukatika hata ukipiga chafya, siku hiyo ulikaa imara. Nikamtafuta Umi kwa macho, hayupo. Nikamvuta mama mkwe kanga, akaniambia, "Subiri wageni wamalize dua."

Nilimpa Maftaha muda. Wallahi nilimpa muda. Alipita juu ya mlango, akashuka, akarudi, kila upitaji nikiuhesabu kuwa ngozi iliyokuwa imebaki inakwisha. Kisha sauti ikaanza kupanda. Ikawa nyembamba. Alikuwa ameegemea ule mkunjo.

Nilikusudia kusema Maftaha. Mdomo ukashika njia unayoijua.

"Issa! Toa mkono hapo!"

Hakuna aliyesikia neno jingine zaidi ya jina. Wanawake wa Songo Mnara waliangua kilio kwa pamoja. Mama mkwe akanivuta kichwa kifuani kwake, akanikaza, na mimi nikawa namwambia ndani ya kanga yake, "Mlango, mama, ule mlango," na yeye ananiambia, "Issa haingii tena mlango huu, mwanangu. Jipe moyo." Nilijaribu kunyanyuka, mikono ikanikalisha. Kadiri nilivyojitoa ndivyo walivyonishika, kwa huruma tupu, na hakuna kamba ngumu kama hiyo. Sijawahi kuwa mnyonge kiasi kile, hata siku ya mazishi.

Na mashine haikuendelea. Ilisimama mahali pamoja, inazunguka palepale, mlio mwembamba ule ule usiosogea. Harufu ya rangi inayoungua ikapenya pazia. Halafu kimya.

Nilipotoka eda nililiona lile gari, Bwana Xaveri alipokuja kunipa pole rasmi. Katika mkunjo wa mlango wa nyuma palikuwa na doa jeupe, dogo kuliko punje ya hindi, na kuzunguka doa hilo palikuwa pamefifia. Hajalipeleka kupigwa rangi mpaka leo. Anasema halimsumbui. Mimi nilitazama kando.

Lakini siku ile, wageni walipokwenda kuswali alasiri, nilisikia mtu akijikohoza nje ya dirisha. Alikaa chini, mgongo ukutani, nikalisikia shati likiparuza chokaa.

"Shemeji," akasema Maftaha.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga kutwa nzima, na mengine yasingefaa kutamkwa na mwanamke wa eda. "Upande ule ulikuwa umekwisha," nikamwambia kupitia pazia. "Nilikutumia mtu. Hukuona kwamba umekwisha?"

"Niliona."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa sipunguzi kitu, shemeji. Nimeweka sponji laini. Nilitaka nipite tu alipopita yeye. Milango miwili, basi."

Nikamwuliza imetokea nini hasa, na kama mkono uliteleza.

"Haukuteleza," akasema. "Ulimwita. Nikageuka nimtazame."

Nikaegemeza kichwa ukutani upande wangu. Sikumwambia kwamba na mimi, nilipokwisha kumwita, nilinyamaza kidogo nikimngoja anijibu.