Matanga ya Ndirangu

Nilimuua Ndirangu siku ya Jumamosi, baada ya chai ya saa kumi, na sikujuta hata kidogo. Alikuwa amenizoea mno. Miaka minne nimekaa naye, vitabu vinne, na kila nikifungua kompyuta namkuta ameshasimama golini na glovu zake zilizotoboka, ananitazama kama mtoto anayengoja chakula. Vijana wa Eastlands walimpenda. Mchapishaji wangu alimpenda kuwashinda vijana. Mimi, niliyemzaa kwa kichwa changu mwenyewe, nilikuwa nimemchoka.

Kwa wasionijua, naitwa Nthoki. Nakaa mtaa wa Jericho, Nairobi, katika nyumba aliyoniachia mama, na kazi yangu ni kuandika riwaya za vijana. Watu huniuliza kazi yangu ya kweli ni ipi, na siku hizi siwajibu. Huyo Ndirangu ni kipa wa timu ya mtaa wa Ziwani katika vitabu vyangu, kijana anayelelewa na shangazi mwenye hasira za karibu na maneno mengi. Msiniulize huyo shangazi nilimtoa wapi.

Kitabu cha tano kilitakiwa Jumatatu asubuhi, na Kate, mhariri wangu, alikuwa ameshaanza kunitajia cha sita. Nami nina kitabu kingine kabisa kichwani, cha msichana anayejifunza useremala kule soko la Gikomba. Amekaa humo muda mrefu, maskini, randa mkononi, akingoja zamu yake. Nilijua wazi kwamba Ndirangu akibaki hai, yule msichana hatazaliwa. Kwa hiyo nikamtuma Ndirangu Gikomba kutafuta glovu za mitumba, nikaleta mvua, mto ukafurika, kwisha. Nusu ukurasa tu.

Sasa, mimi nina desturi yangu. Kila Jumamosi wasichana wa korti yetu, yaani nyumba zetu hizi zinazozunguka uwanja mmoja, huja kukaa kwenye veranda yangu, nami nawasomea nilichoandika. Hakuna kitabu changu kilichowahi kumfikia Kate bila kupita pale. Wakianza kuchezea simu, najua hapo ni pa kukata. Wakicheka mahali ambapo sikukusudia, napaacha vilevile na kujifanya nilikusudia.

Jumamosi hiyo hakuna aliyegusa simu. Nilipofika mtoni, Winny akaanza kulia, na Winny ni mtoto wa kulia korti nzima isikie.

"Zii, auntie," Jacky akasema. "Unamuua aje na bado kuna fainali?"

"Watu hufa kabla ya fainali, Jacky. Ndiyo maisha."

Afnan, ambaye mama yake ni Muhiba mwenye saluni, alisimama, akakunja mkeka aliokuwa ameukalia, akaondoka nao hadi kwao. Mkeka wenyewe ni wangu. Nilimwacha aende, nikafunga mlango, na nikalala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata tangu kitabu cha pili.

Lazima niwaeleze kuhusu kamati ya korti yetu, la sivyo mtadhani nawatungia. Kamati yetu ikisikia msiba, haiulizi maswali. Inaanza na viti. Maswali huja baada ya chai, watu wakishakaa. Mwenyekiti ni Teresiah, mama yake Jacky, mwanamke anayeweza kupanga mazishi kwa simu huku anakaanga mandazi, na yasiungue hata moja.

Jumapili alasiri nilikuwa napiga deki. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli. Redio nilikuwa nimeifungulia hadi mwisho, na deki ilikuwa imegeuka kuwa kucheza. Mlango ukagongwa. Kufungua, namwona Teresiah, leso kiunoni na pakiti ya sukari kifuani. Nyuma yake kina mama wa korti, huyu na maziwa, huyu na mikate, wawili wamebeba lile sufuria kubwa la kamati. Nyuma yao wanaume walikuwa wanasimamisha tenti kwenye nyasi.

Teresiah aliutazama ule ufagio wa deki. Akaingia bila kukaribishwa, akaizima redio mwenyewe, akarudi kunikumbatia.

"Lia, Nthoki," akaniambia sikioni. "Usijikaze. Kuna watu wakipatwa huanza kusafisha nyumba. Tunaelewa."

"Nani amekufa?" nikauliza.

Kina mama wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa kwa huruma na kunong'ona kwamba bado haijaniingia.

"Kijana wetu," Teresiah akasema. "Ndirangu."

Ilinibidi nikae kwenye ndoo. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miaka minne hawa wasichana walikuwa wamezungumza habari za Ndirangu majumbani mwao kama watu wanavyozungumza habari za jirani. Ndirangu amevunjika kidole. Ndirangu hataki kurudi shule. Auntie Nthoki amesema Ndirangu atabadilika. Akina mama wakawa wanasikia nusu nusu, huku wanapika, na kila mmoja akajazia palipobaki. Wakakubaliana kwamba ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Nyeri, na kwamba nimempangia chumba Ziwani. Mimi sina dada. Muhiba alikuja kunikiria baadaye kwamba kile kidole alikiombea dua.

Jumamosi jioni Winny alipofika nyumbani akilia na kusema Ndirangu amefagiliwa na mto, nani angeuliza maswali? Kamati iliita viti.

Nilishikwa na hasira na kicheko kwa pamoja, na hasira ikashinda, kama kawaida yangu.

"Ndirangu si mtu," nikasema. "Ni wa kitabu. Nimemtunga mimi mwenyewe, na nimemuua mimi mwenyewe, na hakuna mtoto yeyote wa Nyeri."

Nje nilisikia nyundo ikigongelea kigingi cha mwisho cha tenti. Teresiah aliitazama sukari yake, akalitazama sufuria ambalo tayari lilikuwa linatoa mvuke, akanitazama mimi nilivyokaa kwenye ndoo.

"Yaani hakuna mwenda zake."

"Hakuna."

"Na chai imeshachemka."

"Pole, Mama Jacky."

Alifikiri kidogo, akajifunga leso upya. "Chai ya matanga hairudishwi nyumbani. Tokeni mkae. Angalau tujue tumekuja kumlilia nani."

Wakanitoa nje, wakanikalisha mbele, kwenye kiti cha mfiwa, nikapewa mkate na kikombe kilichojaa pomoni. Kwetu matanga yana utaratibu wake. Waliomjua marehemu husimama mmoja mmoja na kueleza walivyomjua. Teresiah hakuona sababu ya kuubadilisha. Aliwaita wasichana, nao wakasimama.

Winny akasimulia vile Ndirangu alivyoificha ripoti ya shule ndani ya kiatu cha mpira, kisha akasahau, akacheza mechi nzima nayo. Wazee waliokuwa wamekuja kwa ajili ya chai wakacheka hadi wakapaliwa. Jacky akaeleza siku ile Ndirangu alipofungwa magoli hadi watu wakaacha kuhesabu, na jinsi alivyorudi uwanjani kesho yake peke yake, akajirushia mpira ukutani mpaka ukuta ukachoka. Jacky akasema siku aliyosomewa hayo ndiyo siku yeye mwenyewe aliporudi kwa mwalimu wake wa hesabu, baada ya kulitoroka somo lake. Mama yake hakuwa na habari hiyo. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha akajifanya anatafuta kijiko.

Nilikuwa nimekaa pale nikiutafuna ule mkate. Mtu unaandika peke yako, mgongo unauma, hujui maneno yanaenda wapi yakitoka. Nilijisikia fahari, na nilijisikia vibaya, na sikutaka yeyote anione.

Lakini Teresiah hajamaliza. Chai imeshanywewa, sasa ni maswali.

"Mwili uko wapi?"

"Ulichukuliwa na mto."

"Nani aliuona?"

"Hakuna aliyeuona."

"Gikomba yote ile, Nthoki? Watu wa mikokoteni, watu wa mitumba, maseremala, mto unambeba mtoto wa watu na hakuna hata mmoja aliyepiga nduru?"

Nilikuwa nimeiondoa Gikomba yote ili nimalize haraka.

"Na shangazi yake? Alipoambiwa alifanya nini?"

"Sikuandika."

"Hukuandika." Alikiweka kikombe chini. "Mimi nimezika watu, na sijawahi kuona kifo cha namna hiyo. Huyo mtoto hakufa. Umemchoka tu."

Hapo alinigusa penyewe, na nikalipuka. Nikawaambia ndiyo, nimemchoka, na wao wangemchoka. Nikawaambia kuhusu msichana wangu wa randa anayengoja. Nikawaambia Kate anataka cha sita, na baada ya cha sita atataka cha saba, na mimi nitazeeka nikiandika habari za kijana mmoja asiyekua. "Nani kati yenu angeweza kukaa na kijana asiyekua?"

"Mimi ninaye," akasema mama yake Winny. "Ana miaka thelathini, na hivi sasa yuko nyumbani anangoja nimpelekee mkate huu."

Tenti nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ingawa nilikuwa bado nimekasirika. Kicheko kilipopungua tukamwona Afnan amesimama. Alikuwa amekuja na mkeka wangu, ameukumbatia.

Afnan ana kaka, Hamidi. Aligombana na baba yao mwaka juzi, akatoka na begi moja, na tangu hapo hajapiga simu. Korti yote inajua na korti yote haifungui mdomo. Muhiba hamtaji. Kitanda cha Hamidi alikitoa sebuleni, akaweka hapo mashine ya kukausha nywele.

"Mimi nasoma Ndirangu kwa sababu ya Hamidi," Afnan akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, tukalazimika kuinama. "Hata yeye glovu zake zilikuwa zimetoboka. Kwenye kitabu, Ndirangu akikasirika anaondoka, halafu anarudi. Kila kitabu anarudi. Sasa, auntie, kama umemchoka, si umwache aende. Mtu akienda tunaweza kumngoja. Ukishamuua, tutangoja nini?"

Akaketi. Muhiba alikuwa ameshika chupa ya chai, na alibaki ameishika vilevile, hamimini wala haiweki chini.

Mimi ni mtu wa kujibu. Nina jibu la kila mtu, hata wasioniuliza. Afnan sikumjibu. Niliingia ndani, nikaleta kompyuta, nikaiweka kwenye magoti pale pale kwenye kiti cha mfiwa, na nikaufuta ule mto. Nilipokwama Teresiah alinimiminia kikombe kingine bila kuniuliza. Nikairudisha Gikomba mahali pake, na kelele zake zote. Ndirangu akanunua glovu zake, akabishana bei, akarudi nyumbani mzima. Akamwambia shangazi yake kwamba kuna timu kule Kisumu inayomtaka, na kwamba anaondoka kesho. Shangazi akamtukana hadi kituo cha basi. Alimtukana hata basi lilipokuwa limeshaondoka.

Jua lilikuwa bado halijatua nilipomaliza. Hakuna aliyekuwa ameenda nyumbani. Nikawasomea wote, akina mama na wasichana na wazee wa chai, na nikafika kwenye sentensi ya mwisho ya kitabu:

"Shangazi akazitundika zile glovu kuukuu kwenye msumari wa mlangoni, na usiku huo hakutia komeo la juu."

Winny alikuwa analia tena, lakini kwa sauti ya kawaida ya binadamu. Kisha Muhiba akasema, huku anaitazama ile chupa mkononi mwake, si mtu yeyote:

"Hata mimi silitii. La juu. Mwaka juzi wote mpaka leo. Kitanda nilikitoa kwa sababu nilikuwa siwezi kukitazama."

Afnan aligeuka akamtazama mama yake kama mtu aliyemwona sasa hivi. Hakuwa anajua. Walikuwa wanangoja ndani ya nyumba moja, kila mmoja peke yake. Alikwenda akautandika mkeka wangu miguuni pa Muhiba, akaketi, akakiegemeza kichwa kwenye goti lake, na Muhiba akaweka chupa chini hatimaye.

Teresiah akatangaza kwamba msiba umeahirishwa, na akawaamuru wanaume washushe tenti kabla ya giza.

Jumatatu Kate alikimaliza kitabu, akanipigia akiwa bado anapenga kamasi za kulia. Akanisifu, kisha akaniuliza, kama nilivyojua ataniuliza, Ndirangu anarudi lini. Nikamwambia sijui, hata shangazi yake hajui, na kwa sasa ninaye msichana Gikomba ambaye amengoja vya kutosha. Jumamosi iliyofuata veranda ilijaa, na kina mama walikuja na viti vyao. Mkeka wangu hadi leo uko kwa Muhiba, na sijauulizia.